Prokurasioni Inavunjika Siku Unapoihitaji

Tuseme mzee wa Kadutu ameanguka kwa kiharusi, amelazwa katika Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mkoa hapa Bukavu. Hasemi, hatambui mtu. Daktari anataka ruhusa ya kumpasua. Mke amekubali, kaka mkubwa wa mgonjwa anataka apelekwe kwanza kuombewa, mtoto wa kwanza yuko Kinshasa na anapinga kwa simu. Parseli ambayo ingeuzwa kulipia matibabu iko kwa jina la mzee peke yake. Nani aamue?

Kama maisha yako hatarini saa hiyohiyo, daktari hangoji kikao cha ukoo, anaokoa. Taabu inakuja pale kunapokuwa na siku mbili tatu za kuchagua.

Familia nyingi hutegemea prokurasioni, yaani hati ya uwakilishi. Hati hiyo, ikipitishwa kwa notere, inamwezesha mwakilishi kupokea kodi ya nyumba, kufuatilia karatasi za parseli, hata kuuza ikiwa imetaja hivyo. Lakini kanuni zake zinatoka katika dekreti ya 30 Julai 1888 kuhusu mikataba: uwakilishi unakoma aliyeutoa anapokufa, au tribinali inapomwondolea uwezo wa kisheria. Kwa hiyo hati ambayo mzee aliandika akijikinga na siku mbaya inavunjika pale hakimu anapothibitisha kwamba siku hiyo imefika. Na kama hakuandika kitu, amechelewa. Kumshika mgonjwa aliyezimia kidole na kukikandamiza kwenye karatasi si ridhaa, hata kama watoto wote wamesimama hapo kushuhudia.

Inabaki Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016. Inaruhusu mwenzi au ndugu kuiomba tribinali itangaze kwamba mtu hana tena uwezo wa kisheria na kumpa mlezi. Njia hii iliwekwa kwa ajili ya aliyepotewa na akili kwa muda mrefu, si kwa mtu anayeweza kuamka wiki ijayo. Inataka avoka, ushahidi wa daktari na subira. Na tangu mji uingie mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Februari 2025, kufuatilia faili kumezidi kuwa kugumu.

Wabelgiji, waliotuachia mfumo huu, wao wamekwisha kuurekebisha kwao. Sheria yao ya 2002 inamruhusu mgonjwa kumteua kwa maandishi wa kumsemea kwa daktari. Ile ya 2013 inaruhusu hati ya uwakilishi inayoendelea kufanya kazi baada ya akili kupotea. Nasi tunastahili sheria kama hiyo, na ningependa wabunge wa Kivu waidai.

Kwa sasa, andika karatasi yako ungali mzima. Taja nani azungumze na madaktari, ni matibabu gani unayakataa, na nani ashike nafasi yake akikosekana. Isomee familia nzima, ndugu zako wa baba wakiwepo, wote watie sahihi. Karatasi hiyo haimfungi daktari kama hukumu, ila inamwonyesha ulichotaka, na inampunguzia shemeji nguvu ya kusema kwa niaba yako.

Jambo la mwisho linawagusa wanawake zaidi. Mke wa ndoa ya kimila isiyoandikishwa husukumwa kando kirahisi na wakwe, kwa kuwa hana karatasi ya kuonyesha. Kama mko Ibanda, Kadutu au Bagira na ndoa yenu haijaandikwa kwenye komini, anzeni hapo, hata kabla ya kwenda kwa notere.