Pikapu mupya hainywi mafuta ya kale

Hapa kwetu, kutoka Kolwezi mupaka Likasi na Lubumbashi, mufanyakazi akipata dekonti finali yake, mara nyingi anawaza vitu viwili: nyumba ao motokari. Wale wanaochagua motokari wanatafuta pikapu, juu pikapu inabeba makala, inabeba unga, inabeba watu, na jamaa inakula. Zamani ilikuwa Hilux ya moteri 5L ao Land Cruiser ya moteri 1HZ, zote bila turbo. Leo wengi wananunua Hilux zilizoanza kutoka mwaka 2015, zenye moteri 2GD ya 2,4 ao 1GD ya 2,8. Ni motokari nzuri. Lakini tunazitilia mafuta yale yale tuliyozoea kutia katika zile za kale, na hapo ndipo feza ya miaka mingi ya mugodi inaishia ku garaji.

Tuongee basi, ndugu wafanyakazi, na ninyi mama mnaoshika mufuko wa nyumba, juu ya mafuta ya moteri na mafuta ya ponti.

Namba za ku bido

Ku bido munaona 5W-30 ao 15W-40. Namba ya kwanza, ile yenye W, inaonyesha namna mafuta yanatembea wakati wa baridi. Ikiwa ndogo, mafuta yanapanda haraka moteri ikiwaka asubui. Namba ya pili inaonyesha uzito wa mafuta moteri ikisha kupata moto, kwa digrii 100. Namba kubwa haina maana ya mafuta bora. Ni uzito tu.

Watu wanasema: "Huku kwetu joto ni mingi, tutie mafuta mazito." Lakini mwezi wa sita na wa saba, asubui ku Kolwezi inashuka chini ya digrii 10. Moteri mupya iko na turbo inayozunguka zaidi ya mara 100.000 kwa dakika moja, na inakaa juu ya mafuta membamba tu. Mafuta mazito yakikawia kufika, turbo inazunguka kavu. 1HZ ilikuwa inavumilia, juu haikuwa na turbo. Hii mupya haivumilii.

Hatusemi 15W-40 ni sumu. Kitabu cha motokari kiko na tablo ya hali ya hewa, na kwa moteri nyingi zisizokuwa na filtri ya moshi kinaruhusu uzito zaidi ya mumoja. Anza na tablo ile, kisha usikilize jirani.

Herufi ndizo nguvu

Wengi wanasoma namba na kuacha herufi. Ni kosa kubwa, juu herufi ndizo zinaonyesha nguvu ya mafuta. Alama API inafuatwa na S kwa moteri ya esanse, na C kwa moteri ya mazutu. CF na CF-4 ni za zamani. CI-4 imekuja nyuma, kisha CJ-4, na CK-4 ya mwaka 2016. Bido iliyoandikwa tu "SAE 40" bila herufi hata moja, iachie mashini ya kusaga.

Kisha jua kama motokari yako iko na filtri ya moshi, ile wanaita DPF ao FAP. Pikapu zingine ziko nayo, zingine hapana, hata kama zinafanana kwa macho. Angalia ku kitabu, ku tablo ya shofere, ao uliza mekanisye aangalie chini. Ikiwa iko, inaomba mafuta yenye majivu kidogo: ku bido utaona ACEA C2 ao C3, ao JASO DL-1, sawa kitabu kinavyosema. Masizi yanaungua ndani ya filtri, lakini majivu ya mafuta hayaungui. Yanabakia mupaka filtri inaziba, na filtri mupya ni bei kali sana.

Kuna neno lingine. Mazutu yenye sulfuri nyingi inazaa asidi ndani ya moteri, na mafuta yenye majivu kidogo mara nyingi yako na dawa kidogo ya kupigana na ile asidi. Kama haujui mazutu yako imetoka wapi, punguza kilometa kati ya vidanji mbili.

Ponti inasahauliwa

Juu ya ponti, batu wanasema: "Ponti haina moto, haichomi mafuta, juu ya nini kuchange?" Kweli haichomi. Lakini meno yake yanasukumana na kutelezeana kwa nguvu sana, na kile kinachozuia chuma kula chuma ni dawa iliyo ndani ya mafuta. Kwa sababu hiyo ponti inaomba GL-5. Bwati ya vitesi mara nyingi inaomba GL-4, juu dawa ya GL-5 zingine inaweza kula shaba ya sinkro. Usichukue bido moja kwa kazi zote mbili kama kitabu hakiruhusu.

Uzito nao umebadilika. Tumezoea 85W-90 ao 85W-140. Toyota nyingi mpya zinaomba 75W-85 GL-5, mafuta mepesi zaidi. Namba za ponti haziko katika mizani moja na namba za moteri: 75W-85 ya ponti isikutishe ukiilinganisha na 15W-40. Kama ponti ni ya aina LSD, mafuta yawe na alama LS. Blokaji ya kubonyeza si LSD.

Pikapu ya 4x4 iko na ponti mbili na bwati ya transferi. Garaji nyingi zinafanya ya nyuma tu. Simama pale uhesabu.

Na mbele ya kumwanga mafuta ya kale, fungua kwanza bushoni ya juu, ya kujazia. Ikikatala kufunguka wakati ponti iko tayari tupu, motokari haitoki tena pale. Mafuta mapya yanajaa mupaka ku mulango wa ile bushoni, gari ikisimama sawa. Ku sumaku ya bushoni ya chini, matope ya kijivu laini si neno. Vipande vya chuma unavyoweza kushika kwa vidole, hapo kuna hatari.

Ponti ikipata moto kisha ikaingia mayi, hewa ya ndani inapoa na kuvuta. Kama kifuniko kidogo cha kupumulia kimezibwa na bulongo, mayi inapita ku jwenti. Mafuta yakitoka meupe sawa maziwa, usingoje kilometa: change siku ile ile.

Kilometa zinadanganya

Kitabu kikisema 10.000, soma pia ukurasa wa kazi ngumu. Vumbi, muzigo, safari fupi, kusimama na moteri ikiwaka ku mulango wa mugodi saa nzima: hiyo yote ni kazi ngumu, na kwa moteri nyingi inaomba vidanji ku kilometa 5.000. Moteri ikiwaka bila kutembea, mafuta yanachoka lakini kilometa hazipandi. Filtri ya hewa nayo isisahauliwe. Vumbi yetu ni mchanga, na inakwangua moteri sawa msasa.

Ku soko, angalia kifuniko, muhuri na namba ya loti. Bido nzima za kampuni kubwa zinajazwa tena mafuta yaliyosafishwa kidogo. Kwa hiyo, bido yako ikisha kuisha, itoboe. Usiitoe wala kuiuzisha nzima.

Karatasi ya shofere

Neno la mwisho ni la sendika. Sisi madelege tunaona mara kwa mara: moteri ao ponti ya motokari ya kampuni ndogo inakufa, na kabla ya kufungua kitu, shofere anapewa barua ya maelezo. Wanasema anaendesha mubaya. Nani aliyetia mafuta? Ya aina gani? Hakuna anayejua, juu hakuna kilichoandikwa.

Ndugu mashofere, kila siku angalieni kipimo cha mafuta, na andikeni ku kaye: tarehe, kilometa, herufi na namba za mafuta yaliyotiwa, na jina la mwenye kutia. Mukiona mafuta yanavuja ao ponti inalia, andikeni, chefu aweke saini, na mubakie na kopi. Ponti ikikamata ku mbio ya kilometa 80 na watu kumi nyuma, hiyo ni ajali ya kazi, na inapashwa kuzungumuzwa katika komite ya usalama mbele ya mutu kuumia.

Mafuta ya kale musiyamwange chini karibu na kisima, wala musinawe nayo mikono: yanaingia ku ngozi, na yakizoea kuigusa yanaweza kuleta kansere. Yawekeni katika bido iliyofungwa, mbali na watoto, na muulize ku garaji ya mugodi kama wanayapokea.