Dakika Ishirini za Hisabati

Kila msimu wa mitihani ya Taifa, Baraza la Mitihani la Tanzania hukumbusha kwamba mtahiniwa asiyeona anaongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Tangazo hilo husomwa haraka, kati ya idadi ya watahiniwa na onyo kwa wanaoiba mitihani. Mimi lilinikaa kichwani. Kwa nini Hisabati ipewe mara mbili? Na je, zinatosha?

Swali hilo lilinipeleka Kariakoo, Dar es Salaam. Hapo ipo Uhuru Mchanganyiko, shule ya msingi ambamo watoto wasioona, viziwi wasioona na wenye ulemavu wa akili husoma pamoja na wenzao. Ipo pia Sekondari ya Benjamin William Mkapa, shule ya serikali inayopokea vijana wasioona na viziwi katikati ya maduka ya jumla na vishindo vya mikokoteni.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyefundisha wasioona kwa miaka mingi katika shule za mjini. Hakuanza kwa maelezo. Alinipa karatasi nene, kibao chenye visanduku na chuma kifupi chenye ncha, akaniambia niandike moja.

Katika maandishi haya ya nukta nundu, kila kisanduku kina nafasi ya nukta sita, safu mbili za tatu tatu. Unabonyeza karatasi kwa nyuma, kwa hiyo unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa imegeuzwa. Kisha unapindua karatasi, na nundu zinasomwa kwa kidole kutoka kushoto. Herufi a ni nukta moja. Tarakimu 1 nayo ni nukta hiyo hiyo. Kinachozitenganisha ni alama ya tarakimu inayotangulia. Mtoto akiisahau, 1 imekuwa a, 2 imekuwa b, na jibu alilolipata kwa jasho limegeuka kuwa herufi tupu. Akikosea, atailaza nukta kwa ukucha, lakini karatasi hubaki na kovu, na kidole hulikuta kovu hilo kila kinapopita.

Mashine ya kuandikia ya Perkins, yenye kitufe kwa kila nukta, huongeza kasi. Haiondoi tatizo lenyewe. Sisi tunaoona tukikokotoa hesabu ndefu hutupa jicho mistari mitatu juu, tukaiona namba, tukashuka. Asiyeona hurudisha karatasi kwenye mashine, akautafuta mstari kwa kidole, akaibeba namba kichwani, akarudi alipoachia. Sehemu, ambazo sisi huziandika moja juu na nyingine chini, kwake hulala kwenye mstari mmoja. Mchoro wa pembetatu lazima uinuliwe, kwa uzi na gundi ikibidi, ndipo aupate. Dakika 20, anasema Mwalimu, ni malipo ya safari za kidole. Nani alizihesabu safari hizo hadi zikafika 20 kamili? Hilo sikulipatia jibu.

Ila Mwalimu hakulalamikia sana dakika. Alilalamikia spika. Anayeijua Kariakoo anazijua: sauti iliyorekodiwa inayotaja bei ile ile tangu asubuhi, duka kwa duka. Kijana asiyeona husoma kwa sikio. Mwenzake humsomea yaliyo ubaoni, mwalimu humweleza ramani kwa mdomo. Kiziwi aliyekaa dawati la pili hasumbuliwi na spika, lakini mwalimu akigeukia ubao huku anazungumza, au mkalimani wa lugha ya alama asipokuwepo, yeye ndiye amepitwa. Watoto wawili, chumba kimoja, mahitaji yanayopishana, na mwalimu ni huyo mmoja.

Kisha kuna gharama. Ada ya sekondari za serikali ilifutwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, kisha mwaka 2022 kidato cha tano na sita. Ni jambo jema sana. Hata hivyo, mashine, karatasi nene na vitabu vya nukta nundu, ambapo kitabu kimoja cha kawaida huwa majuzuu kadhaa, vina gharama zake.

Tukarudi kwenye spika. Nilimuuliza Mwalimu kwa nini wenye maduka wasiombwe wapunguze sauti. Alitulia kidogo. Wenye spika hao, alisema, ndio humwona mtoto na fimbo nyeupe ukingoni mwa barabara, wakaacha biashara na kumshika mkono kumvusha kati ya bodaboda na bajaji. Na watoto wenyewe hutembea kwa sauti hizo: spika ya vyombo ni kona ya kwanza, ya mashuka ni ya pili. Ukizizima zote, mtoto atajuaje amefika wapi?

Angalau siku za mtihani, nikasisitiza. Siku za mtihani, ndiyo, alikubali. Ila hajui barua ya kuomba hilo iende ofisi gani: ya elimu, ya soko, au ya mtendaji wa mtaa.