Lugha ya Kipimo Kinachokosea: pH katika Maabara za Udongo

Ruiru ndiko yaliko makao ya utafiti wa kahawa nchini Kenya, na huko ndiko ilikotoka aina ya Ruiru 11, waliyopewa wakulima mwaka 1985. Udongo wa sehemu hizo hadi Thika ni mwekundu, na salfeti ya amonia, itiwapo miaka mingi, huuzidishia asidi. Mkulima apelekapo udongo wake maabarani, jawabu la pH ndilo litakaloamua anunue chokaa au asinunue.

Tatizo la kwanza ni la lugha. Kipimo hiki, alichokibuni Sørensen huko Copenhagen mwaka 1909, huenda kinyume: namba ikishuka, asidi imezidi, tena kushuka kwa namba moja ni kuzidi mara kumi. Kwa hiyo mwandishi asemaye "pH imepanda" akikusudia kwamba asidi imeongezeka humpotosha msomaji kabisa, na chokaa haitiwi panapostahili. Neno tindikali nalo, ijapokuwa ni la zamani na zuri, aghalabu humkumbusha msikilizaji maji ya betri yaunguzayo, si shamba la kahawa.

Tatizo la pili ni la mashine. Katika upimaji wa kujiendesha, mkono wa mashine huhamisha elektrodi kikombe hadi kikombe pasipo jicho la mtu. Fundi akiandika "pH mbovu" hajasema kitu. Namba ikiyumba, huenda waya umelegea au mna kiputo cha hewa ndani ya elektrodi. Ikikawia kutulia, yamkini udongo wa mfinyanzi umeziba kijitundu cha elektrodi, au elektrodi imelazwa katika maji yaliyokenekwa badala ya myeyusho wa kloridi ya potasiamu. Sampuli ikisomwa karibu sawa na iliyoitangulia, huenda elektrodi haikusuuzwa vyema. Kuyumba, kukawia, kuambukiza: Kiswahili kinavyo vitenzi hivi tayari, wala hapana haja ya kuazima.

Kabla ya kuilaumu mashine, hupimwa bafa za pH 4 na 7. Zikisomeka sawasawa na udongo ukaendelea kuleta mashaka, kosa litafutwe katika matayarisho ya sampuli. Udongo uleule ukipimwa katika kloridi ya kalsiamu kwa kawaida hutoa namba ndogo kuliko ukipimwa katika maji, pengine kwa nusu nzima au zaidi. Ripoti isiyotaja "katika maji" au "katika kloridi ya kalsiamu" ni sentensi isiyokamilika.