Kinyesi cha Kuku na Nguruwe: Mali au Sumu?

Madhumuni ya makala haya ni kueleza vile ufugaji wa kuku na nguruwe wengi katika nafasi ndogo unavyochafua hewa na maji, na yale ambayo mfugaji anaweza kufanya. Nimelichagua jambo hili kwa sababu karo yangu hutoka kwa mayai. Tena huku kwetu Kiambu mashamba yamegawanywa mpaka yakawa vipande vya robo ekari, na watu wamegeukia mifugo isiyohitaji malisho. Huyu ana kuku mia tano wa mayai, jirani ana nguruwe thelathini, na chini ya boma zote hizo kuna kijito kimoja. Mtu akisema ati wafugaji wafungiwe, mimi humuuliza nani atatulipia karo. Na mwingine akisema ati hiyo ni harufu ya pesa tu, humwonyesha kile kijito.

Hebu tuanze na hesabu. Kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku, na hutoa kinyesi kibichi cha gramu 100 au zaidi. Kuku mia tano basi hutoa kilo 50 kila siku, yaani gunia zima. Kwa mwezi ni tani moja na nusu! Robo ekari haiwezi kumeza mbolea hiyo yote. Kinyesi chenyewe si kibaya, ila kimezidi shamba.

Sasa kemia kidogo. Kuku hakojoi kama sisi. Ile sehemu nyeupe ya kinyesi chake ndiyo mkojo wenyewe, asidi ya yuriki, yenye naitrojeni tele. Ikilowa, bakteria huivunja ikawa amonia, ile gesi inayochoma macho ukifungua banda asubuhi. Gesi hiyo huwaumiza kuku mapafu, na ikipanda hewani hurudi ardhini na kuongeza asidi udongoni. Mvua ya masika nayo ikipiga lundo lisilofunikwa, naitreti na fosforasi huteremka mtoni. Huko mwani hustawi, hufa na kuoza, na kuoza huko humaliza oksijeni ya samaki. Wala uchafu haukomi kwetu. Maji ya mto Ruiru huishia mto Athi, nao Athi, ukiisha kuitwa Galana na kisha Sabaki, humwagika Bahari Hindi karibu na Malindi.

Dawa ya kwanza ni ukavu, na ndiyo rahisi kuliko zote. Chukua maranda ya sakafuni, yafumbate ngumini, kisha ufungue. Yakibaki donge, yamelowa mno. Yakimeguka polepole, ni sawa. Aghalabu kosa si la kuku. Ni chombo cha maji kinachovuja, au paa fupi linaloruhusu mvua kuingia. Maranda yageuzwe kwa reki mara kwa mara, na yaliyolowa yaondolewe siku hiyo hiyo, si Jumamosi.

Ya pili ni mboji. Mbolea mbichi ya kuku huunguza mimea (waulize waliopoteza miche ya sukuma wiki), maana ina naitrojeni nyingi na kaboni kidogo. Bakteria hufanya kazi vizuri wakipata kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa naitrojeni sehemu moja. Kwa hivyo unapanga tabaka la mbolea, tabaka la mabua ya mahindi au maranda makavu, unanyunyiza maji kidogo, halafu unafunika kwa majani ya migomba au karatasi ya nailoni. Lundo likifanywa sawasawa hufikia digrii 55 hadi 65, joto la kuua vijidudu na mbegu za magugu. Choma kijiti katikati, ukitoe baada ya dakika kumi: kikiwa baridi, geuza lundo. Likinuka amonia, ongeza mabua. Baada ya miezi miwili mitatu hainuki tena, na wakulima wa mboga huinunua kwa gunia.

Nguruwe je? Watu husema ni mchafu, lakini wapi! Nguruwe akipewa nafasi hutenga pembe moja ya kunyea, aghalabu penye maji. Weka bomba la kunywea huko, naye atalala pakavu. Hawezi kutoa jasho kama sisi, hivyo banda likiwa joto hujigaragaza kwenye kinyesi ili apoe. Kivuli peke yake hupunguza uchafu. Ubaya wa nguruwe ni maji ya kuoshea banda. Mwaka jana akina mama wanaomwagilia mboga kwa maji ya kijito walilalamika katika baraza kuhusu mfereji wa mfugaji mmoja, na wazee wakaamua auzibe na kuchimba shimo. Sheria yenyewe ilikuwepo: kanuni za maji za mwaka 2006 zilitaka ukingo wa mto usiendelezwe bila idhini, mita 6 mpaka 30 kila upande. Mwenye uwezo hutia kinyesi kwenye mtambo wa gesi. Methani ambayo ingepaa na kupasha dunia joto hupikia githeri, na tope linalobaki ni mbolea. Shida ni gharama ya kujenga, na sioni aibu kusema hapo wengi wetu tumekwama.

Tusisahau chakula. Karibu theluthi mbili za naitrojeni anayokula nguruwe hutoka tena kama mkojo na mavi. Kumpa mnyama protini kupita haja yake ni kununua harufu. Kifaranga apewe cha kifaranga, na mkubwa cha mkubwa. Protini yenyewe aghalabu ni omena, ambayo hata sisi twaila. Ndiyo maana wataalamu wa icipe huko Kasarani wamekuwa wakichunguza funza wa nzi-askari mweusi. Hao hula mabaki ya soko, na wakikaushwa karibu asilimia 40 ni protini. Mwaka 2017 KEBS ilitoa viwango vya wadudu wakavu wa kulishia mifugo. Nyanya yangu bado anacheka, ila kuku hawajawahi kubishana na funza.

Limebaki la mizoga. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya mwaka 1921, haina tiba na huishi ndani ya nyama, ingawa haimdhuru binadamu. Mzoga ukitupwa mtoni, mbwa huuburuta hadi banda la jirani. Mwite afisa wa mifugo kwanza, kisha uzikwe shimo refu mbali na kisima, chokaa juu, na mawe juu ya chokaa.