Programu Huria za Makampuni: Uwazi Wake Hufika Wapi?

Programu ya kompyuta huandikwa kwanza kwa maneno na alama ambazo mtaalamu aweza kuzisoma. Maandishi hayo huitwa msimbo chanzo. Baadaye hugeuzwa kuwa tarakimu ambazo mashine huzifuata, lakini ambazo binadamu hawezi kuzifahamu kwa urahisi. Makampuni mengi huuza tarakimu hizo tu na kuuficha msimbo. Programu huitwa huria pale ambapo msimbo wake hutolewa pamoja na leseni inayomruhusu kila mtu kuusoma, kuubadili na kuugawa. Aghalabu watu hudhani kwamba maadamu leseni ipo, swali la uwazi limekwisha. Sivyo. Zipo programu huria zinazogharimiwa na kampuni moja, na katika hizo leseni ni mlango wa kwanza tu.

Mfano mzuri ni OpenOffice.org. Mwaka 1999 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani iliinunua StarDivision, kampuni ya Ujerumani iliyotengeneza StarOffice, yaani mkusanyo wa programu za kuandikia barua, kupigia hesabu za majedwali na kazi nyinginezo za ofisini. Mwaka 2000 Sun iliutoa msimbo huo hadharani kwa jina la OpenOffice.org. Manufaa yake yalifika mbali. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili. Hawakulazimika kungoja kampuni iamue kama wasemaji wa Kiswahili ni soko la kutosha. Huo ulikuwa uwazi wa kweli, wala haufai kubezwa.

Lakini aliyetaka kurekebisha msimbo wenyewe alikuta sharti jingine. Sun ilimtaka kila mchangiaji atie sahihi mkataba wa kushirikiana naye hakimiliki ya kazi yake. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Leseni humfunga anayeupokea msimbo. Haimfungi mwenye hakimiliki. Mwenye hakimiliki yote aweza kuutoa msimbo uleule kwa masharti mengine, hata kuuuza bila kuuonyesha. Ndivyo Sun ilivyofanya: iliendelea kuuza StarOffice, ikiwa na kazi ya wachangiaji ndani yake. Haukuwa wizi, kwa kuwa mkataba uliruhusu, tena Sun ndiyo iliyowalipa mishahara wengi wa waandishi wa programu hiyo. Ila mchangiaji aliipa Sun haki ambayo yeye hakupewa.

Fedha za makampuni, kwa hiyo, si kosa lenyewe. Kiini cha Linux nacho, kwa sehemu kubwa, huandikwa na waajiriwa wa makampuni. Tofauti ni kwamba hakimiliki yake imetawanyika kwa maelfu ya watu, hata hakuna mmoja awezaye kuibadili leseni peke yake.

Liko pia suala la nani huamua mabadiliko yapi yaingizwe. Katika OpenOffice.org neno la Sun lilikuwa zito mno, na baadhi ya wachangiaji, Novell miongoni mwao, walitunza mkusanyo wao wa marekebisho pembeni. Kitabu chaweza kuwa wazi juu ya meza, na kalamu ikawa mfukoni mwa mtu mmoja.

Januari 2010 Oracle ilikamilisha kuinunua Sun. Pamoja na mali nyingine ilipata hakimiliki ya OpenOffice.org na jina lake. Tarehe 28 Septemba 2010 kundi kubwa la wachangiaji lilitangaza taasisi iitwayo The Document Foundation, likauchukua msimbo na kuanzisha LibreOffice. Waliiomba Oracle iwape jina la zamani, hawakupewa. Mwezi uliofuata, wajumbe wa baraza la OpenOffice.org waliojiunga na taasisi hiyo walitakiwa wajiuzulu. Leseni iliwapa msimbo. Haikuwapa jina wala viti.

Hata hivyo walifaulu, na sababu yake si leseni pekee. Msimbo wa mamilioni ya mistari hauwezi kutunzwa na mtu yeyote atakaye. Walikuwapo waandishi walioujua kwa miaka mingi, na makampuni kama Novell na Red Hat yaliendelea kuwalipa. Pasipo watu wa namna hiyo, haki ya kujitenga hubaki katika karatasi.

Mwaka 2011 Oracle iliukabidhi msimbo na jina la OpenOffice.org kwa Apache Software Foundation. LibreOffice kwa upande wake haikudai mkataba wa hakimiliki: kila mchangiaji hubaki na yake, na kampuni itakayotaka kuifunga programu hiyo kesho italazimika kumwendea kila mmoja wao kuomba idhini.