Msaada wa ukame unavyopimwa kutoka angani

Ng'ombe aliyekonda hadi hawezi kusimama hana bei. Wiki chache nyuma angeuzwa, na pesa hizo zingenunua nyasi kavu za kuwashikilia wenzake waliobaki, pamoja na unga wa nyumbani. Katika wiki hizo chache ndipo msaada wa serikali kwa mfugaji hufaa au hukosa kufaa.

Kenya imelijua hilo kwa machungu. Kuanzia mvua fupi za 2020, misimu mitano mfululizo ilipita bila mvua ya kutosha katika maeneo makame. Tarehe 8 Septemba 2021, Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza ukame huo kuwa janga la kitaifa, na kufikia mapema 2023 ilikadiriwa kwamba mifugo zaidi ya milioni mbili ilikuwa imekufa. Kwa familia ya Marsabit au Wajir, mifugo hiyo ndiyo karo, mahari, maziwa ya watoto na akiba ya uzeeni.

Hata hivyo, nchi hii ina mfumo wa msaada usiohitaji kungoja tangazo la rais. Unaitwa Hunger Safety Net Programme, kwa kifupi HSNP, na unasimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame. Ulijikita kwanza katika kaunti nne za kaskazini: Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Huko, takriban kaya laki moja zilizo maskini zaidi zimekuwa zikilipwa shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili, ukame uwepo au usiwepo. Jambo la busara zaidi ni kwamba karibu kaya zote za kaunti hizo ziliandikishwa mapema, na nyingi zikafunguliwa akaunti za benki, zikiwemo zile ambazo kwa kawaida hazilipwi. Ukame ukibisha hodi, hakuna haja ya kuanza kupanga watu foleni na kuandika majina juani.

Kinachoamua ni setilaiti. Picha zake hupima ukijani wa mimea katika kila kaunti ndogo, na wastani wa miezi mitatu hulinganishwa na rekodi za miaka iliyopita. Kipimo kikishuka chini ya 20, ukame huhesabiwa kuwa mkali, na malipo hupanuliwa hadi kufikia robo ya kaya zote za eneo hilo. Kikishuka chini ya 10, lengo hupanda hadi robo tatu. Kaya inayoingizwa kwa dharura hupewa shilingi 2,700 kwa mwezi. Ni kidogo, naam, lakini kwa familia inayokaribia kumtupa mbuzi wake wa mwisho kwa bei ya hasara, kiasi hicho huahirisha mauzo hayo. Tena chifu hana nafasi ya kumpendelea jamaa yake, kwa kuwa kizingiti ni kimoja kwa wote.

Setilaiti nayo hudanganyika. Mathenge, ule mti wa miiba uliovamia mabonde ya Turkana na Baringo, hubaki kijani wakati nyasi zote zimekauka. Kutoka angani eneo laonekana lina uhai, ilhali ng'ombe hana cha kula. Setilaiti haioni bei ya mahindi sokoni wala kisima kilichokauka. Ndiyo sababu takwimu zinazokusanywa vijijini hazipaswi kufanywa pambo la ripoti.

Bima ya mifugo nayo ilijifunza umuhimu wa kulipa mapema. Ile iliyoanza Marsabit mwaka 2010 ilikusudiwa kumfidia mfugaji baada ya mifugo kufa. Baadaye ilibadilishwa ili ilipe malisho yakianza kupungua, mfugaji anunue chakula na maji wanyama wakiwa bado hai. Mpango wa serikali uliofuata mwaka 2015, ukianzia Turkana na Wajir, ulishika njia hiyo hiyo.

Linalobaki nyuma ni ununuzi wa dharura wa mifugo, ambao serikali huufanya kupitia Tume ya Nyama ya Kenya. Hapo fedha husubiri kuidhinishwa Nairobi, na malori yanapowasili wanyama wengi wameshabaki mifupa. Kinyume chake, mwaka 2006, katika eneo la Moyale upande wa Ethiopia, wafanyabiashara walisaidiwa kununua ng'ombe wapatao 20,000 mapema, na wafugaji wakatumia pesa hizo kulisha familia na kuwasafirisha waliobaki hadi penye malisho. Hakuna sababu ya msingi ya Kenya kutoufunga ununuzi wake kwenye kipimo kile kile cha setilaiti: kizingiti kikivukwa, fedha zitoke na malori yaondoke.