Mpiga Kopi wa Makadara: Kipato na Haki katika Nyimbo za Wengine

Katika Makadara, eneo bunge la mashariki mwa Nairobi lenye mitaa kama Kaloleni, Makongeni, Maringo na Hamza, muziki na kazi ya mshahara vimeishi pamoja tangu enzi za ukoloni, kwa kuwa mingi ya mitaa hiyo ilijengwa kuwapa makazi wafanyakazi wa reli, wa manispaa na wa viwandani, ambao baada ya kazi walikutana katika kumbi za kijamii, ukiwemo ule wa Kaloleni, kucheza dansi. Mrithi wa desturi hiyo ni mpiga kopi, yaani mwanamuziki anayetumbuiza kwa nyimbo zilizotungwa na kuvumishwa na wengine: siku za kazi huwa fundi, karani au dereva, na mwishoni mwa juma hupanda jukwaani kupiga zilizopendwa, rumba, benga au mugithi, mtindo ambao mara nyingi huongozwa na mtu mmoja mwenye gitaa, akiunganisha nyimbo za watunzi mbalimbali wa Kikuyu.

Ufundi wake haufai kudharauliwa. Kundi la Björn Again, lililoanzishwa Melbourne mwaka 1988 kulienzi kundi la ABBA, hutegemea mavazi na mienendo ya wana-ABBA pamoja na sauti zao, ilhali mpenzi wa zilizopendwa humpima mpigaji kwa sikio. Katika wimbo kama "Sina Makosa" wa Les Wanyika, gitaa la solo, la ridhimu na la besi hupeana nafasi, kila moja likijaza pengo lililoachwa na jingine, hivyo ridhimu ikichelewa kidogo tu, wimbo wote hulegea. Usahihi huo huhitaji mazoezi mengi, na saa za mazoezi hazilipwi na mtu yeyote.

Hapo ndipo panapoonekana sababu ya kazi hii kubaki ya pembeni. Muziki una vyanzo viwili vikuu vya mapato: malipo ya onyesho, na mirabaha, yaani fungu analolipwa mwenye haki kila kazi yake inapotumiwa. Mpiga kopi hana fungu la mtunzi, kwa hiyo kipato chake hukoma gitaa linapowekwa chini, tena hupanda mishahara inapotoka na kushuka katikati ya mwezi. Kuwa na ajira nyingine, basi, si dalili ya kukosa kipaji, bali ni njia ya busara ya kukilinda.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Tungo za Daudi Kabaka, aliyefariki mwaka 2001, zitalindwa hadi mwisho wa 2051, ilhali ulinzi wa zile za George Mukabi, aliyeuawa mwaka 1963, ulikoma mwisho wa 2013. Ruhusa ya kupiga nyimbo zinazolindwa mbele ya umma kwa kawaida hupatikana kupitia leseni ambayo mwenye ukumbi hulipia kwa vyama vya kukusanya mirabaha, vinavyosimamiwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Leseni hiyo haimruhusu mpigaji kurekodi wimbo na kuusambaza kwenye intaneti, jambo linalohitaji ruhusa ya pekee, wala haimwondolei mtunzi haki ya kutambuliwa kwa jina lake.

Wengi hawafahamu kwamba sheria hiyo humtambua pia mtumbuizaji: onyesho lake likirekodiwa, ana haki juu ya utumbuizaji wake hata kama tungo si yake, na kwa ajili hiyo kipo chama cha haki za watumbuizaji.

Mpiga kopi anayemtaja mtunzi kabla ya kila wimbo, anayehakikisha kwamba ukumbi una leseni na anayejisajili ili alinde utumbuizaji wake ni mhifadhi wa urithi wa muziki wa Afrika Mashariki. Wenye kumbi na mashabiki, nao wamlipe kama fundi mwingine yeyote, kwa ukamilifu na kwa wakati.